Sijui Zilikokwenda, Lakini Jumla Si Sahihi

Kuna sentensi imetufunga midomo vijana wengi: "Usikosoe kama huna mbadala." Mimi nasoma shahada ya uzamili ya hisabati, na ninayo namba ya kuijibu: 147573952589676412927.

Namba hii ni 2 kwa kipeo cha 67, ukitoa 1. Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, aliiweka kwenye orodha yake ya namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Alikuwa msomi mwenye jina, na namba ina tarakimu 21. Nani angekaa aigawe kwa mkono? Ikabaki orodhani zaidi ya miaka 200.

Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, aliipitisha kwenye kipimo alichokibuni mwenyewe. Ikafeli. Si tasa. Inagawanyika kwa ngapi, basi? Hakujua. Kipimo chake kilithibitisha kwamba vigawo vipo, hakikuvitaja.

Vilipatikana miaka 27 baadaye. Oktoba 1903, mjini New York, Frank Nelson Cole aliwaonyesha wanahisabati wenzake: 193707721 mara 761838257287. Inasimuliwa kwamba alikokotoa ubaoni bila kusema neno, akarudi kuketi, ukumbi ukalipuka kwa makofi. Inasimuliwa pia kwamba kazi ile ilimla Jumapili za miaka mitatu.

Makofi ya Cole ni halali yake. Mimi namtetea Lucas, aliyekuwa sahihi mikono mitupu.

Mwaka jana, kwenye mkutano wa wanafunzi, tulisomewa matumizi ya michango yetu. Kila kipengele kilikuwa maelfu kamili, lakini jumla ikaishia na 650. Nikanyoosha mkono: maelfu kamili hata uyajumlishe vipi hayazai 650. Mwenyekiti akaniuliza, "Kwa hiyo ndugu yetu unajua pesa zimekwenda wapi?" Sikujua. "Basi kaa." Watu wakacheka. Nikakaa.

Sikupaswa kukaa. Kujua kwamba jumla ni mbovu ni jambo moja. Kujua pesa ziliko ni jingine, na la kwanza halisubiri la pili. Anayedai vigawo kabla ya kukubali kwamba namba si tasa hatafuti vigawo. Anatafuta ukimya.

Watasema kulalamika ni rahisi. Ni kweli. Ila Lucas hakulalamika, alithibitisha. Nidai uthibitisho, ni haki yako. Suluhisho usilifanye kiingilio cha kusema kweli. Na nani angetoa Jumapili zake kusaka vigawo vya namba ambayo kila mtu bado anaapa kuwa ni tasa? Kabla ya Cole lazima apite Lucas.

Mkutano ujao nitanyoosha mkono tena. Wakiniuliza pesa ziko wapi, nitasema sijui, na nitasema nikiwa nimesimama.