Likizo ya kulala majini: tunauliza bei ya biriani, hatuulizi cheti cha mashua

Kila ikikaribia Disemba, makundi ya WhatsApp ya familia za Mji wa Kale huanza kuchemka. Mashangazi walioko Muscat wameshakata tiketi, vijana wa London wanauliza joto la Mombasa siku hizi likoje, na walioko Nairobi wanagombania nafasi za treni. Katika kundi letu mwaka huu limezuka jipya. Badala ya kukodi nyumba Diani kama tulivyozoea, mpwa wangu ametuletea picha za jahazi la zamani la mizigo lililotiwa vitanda, paa la makuti, choo na jiko. Tulikodi, asema, tulale majini siku mbili: sisi, majirani wa Kibokoni tuliokua nao, na wageni wetu. Jumla watu 24. Mkubwa wao ni mama yangu, miaka 78. Mdogo ana miezi saba.

Wazo lenyewe si la kichaa. Babu zetu walilala majini kwa kazi, wakisubiri kaskazi iwalete na kusi iwarudishe. Lamu na Shela, manahodha wamekuwa wakiwachukua wageni kwa miaka mingi hadi Manda Toto na Kiwayu, safari za usiku mbili au tatu, watu wakilala juu ya sitaha au ufukweni. Shimoni nako majahazi hupeleka watu Kisite na kuwarudisha Wasini kwa chakula cha mchana. Na hapa hapa mbele yetu, ng'ambo ya Bandari ya Kale, tumekua tukitazama taa za majahazi ya mkahawa yakizunguka usiku na wageni wakila kamba. Tulizijua taa hizo tangu utotoni. Ndani hatujaingia.

Kwa hiyo mtu akisema safari hii tupande na sisi, moyo unakubali kabla ya akili. Mimi pia nilikubali.

Kisha nikasoma mazungumzo ya kundi tangu mwanzo. Ujumbe zaidi ya mia mbili. Wamejadili nani atapika, biriani au pilau, na kama samaki atanunuliwa Marikiti au atavuliwa huko huko. Wamejadili wanawake walale upande wa tezi na wanaume upande wa omo, na pazia litoke kwa nani. Mjomba mmoja ameuliza swali ambalo kwa kweli ni la maana: jahazi likiwa limetia nanga hugeuka kila maji yanapobadilika, je, kibla tutakijuaje alfajiri? Limejadiliwa vizuri, na jibu limepatikana. Hakuna aliyeuliza kama chombo kimekaguliwa. Nilipouliza mimi kinabeba watu wangapi, jibu likaja kwa dakika moja: "Hata arobaini hubeba." Nikauliza nani aliyehesabu. Nikajibiwa kwa vikatuni vya kucheka.

Hapo ndipo habari ya familia yangu inapokuwa habari ya mji mzima, kwa sababu nina hakika kundi letu si peke yake.

Sheria si kwamba haipo. Kenya ina KMA, mamlaka ya taifa ya usalama wa safari za majini, iliyoundwa mwaka 2004, na makao yake yako hapa Mombasa. Kuna sheria ya usafiri wa vyombo vya majini ya mwaka 2009. Kuna kituo cha kuratibu uokoaji baharini, nacho kipo Mombasa, na tangu 2018 kuna kikosi cha walinzi wa pwani. Chombo cha abiria kinatakiwa kisajiliwe, kikaguliwe, kiwe na idadi ya watu kinaoruhusiwa kubeba, na anayekiendesha awe na ruhusa ya kukiendesha. Tatizo ni pale katikati, baina ya jahazi lililokuwa la mizigo na jahazi linaloitwa sasa nyumba ya majini.

Anayejua vyombo ataelewa haraka. Jahazi la mizigo lilichongwa libebe uzito chini, ndani ya ngama: saruji, chumvi, boriti, magunia ya nazi. Uzito ule chini ndio uliolituliza. Ukiondoa shehena, ukajenga ghorofa ya mbao juu, ukapandisha tangi la maji darini, ukaweka jenereta tezini na watu 24 wameketi juu wakila, umekigeuza chombo kichwa chini. Kwa macho bado ni jahazi lile lile, lakini namna linavyosimama majini si ile tena. Kisha ongeza tabia yetu. Shehena haikimbii. Abiria hukimbia. Akitokea pomboo upande mmoja na mtoto akapiga kelele, wote 24 watahamia upande ule na simu mkononi.

Ndiyo maana cheti cha zamani cha mizigo au cha uvuvi hakikusaidii kitu. Unachotaka kuona ni cheti kilichotolewa baada ya jahazi kugeuzwa, kwa kazi ya abiria, chenye idadi ya watu. Kama nahodha anakuonyesha karatasi yenye jina la chombo na muhuri tu, muulize ni ya mwaka gani na ni ya kazi gani. Atakasirika kidogo. Mwache akasirike.

Wenzetu wa Kerala, ng'ambo ya bahari hii hii, wametutangulia katika jambo hili, kwa uzuri wake na ubaya wake. Walikuwa na mashua za kubeba mpunga ziitwazo kettuvallam, mbao zake zikishonwa kwa kamba ya kumbi la nazi, kama mtepe wetu. Barabara na madaraja vilipozinyang'anya kazi, zikageuzwa nyumba za majini za watalii, na leo zimejaa tele kwenye maziwa ya Alappuzha. Mafundi wamepata kazi, wapishi wamepata kazi. Maji yamechafuka pia. Na mnamo tarehe 7 Mei 2023, huko Tanur, kaskazini mwa jimbo hilo, mashua ya matembezi ilipinduka jioni ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Ilikuwa mashua ya uvuvi iliyogeuzwa. Walikufa watu 22, wengi wao watoto, na familia moja ilipoteza jamaa wengi kwa pigo moja. Walikuwa wametoka kutembea tu siku ya Jumapili.

Hatuna haja ya kwenda India kutafuta mfano. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na kuua zaidi ya watu 250, na wako katika mji huu wanaoikumbuka asubuhi ile kama jana. Mwaka 2011, siku chache baada ya Idd, Spice Islander ilizama baina ya Unguja na Pemba na mamia ya watu, ikiwa imepakia kuliko uwezo wake. Mwaka 2019 gari lilipoteleza kutoka kwenye feri Likoni na mama na mwanawe ndani yake, ilichukua karibu wiki mbili kuwatoa. Na pale ni mlangoni mwa bandari kubwa kuliko zote nchini, jioni, watu wakitazama. Ukijiuliza ni nani atakayekufikia usiku wa manane katika hori ya Tudor, anza hesabu zako na tukio hilo.

Na kuna jambo tunaloona haya kulisema. Sisi tuliozaliwa hatua mia mbili kutoka majini, wengi hatujui kuogelea. Wavulana walijifunza kwa kuruka gatini na kupigwa wakirudi nyumbani. Wasichana hawakupewa hata nafasi ya kupigwa. Katika watu wetu 24 nimehesabu wanaoogelea kweli kweli: wanane, na wawili kati yao wamejifunzia Uingereza kwenye bwawa la shule. Hivyo jaketi za kuokolea zinatakiwa ziwepo 24, za watoto ziwe za kipimo cha watoto, na ziwe mahali zinapoonekana badala ya kufungiwa ndani ya kabati lililowekewa magodoro juu. Jaketi ya mtu mzima humvuka mtoto kichwani akiingia majini. Bora zijaribiwe kabla ya kutoka gatini, na mama zetu wajaribu wakiwa ndani ya mabuibui yao, kwa sababu hivyo ndivyo watakavyokuwa.

Kuhusu mahali, Kilindini tusikufikirie, ile ni njia ya meli. Hori ya Tudor ina utulivu, ina mikoko huko juu upande wa Mikindani na Jomvu, lakini lazima kwanza umuulize nahodha kama mlingoti wake unapita chini ya Daraja la Nyali. Pia tukumbuke kwamba maji machafu ya kisiwa hiki yamekuwa yakimwagika humo kwa miaka mingi, kwa hivyo anayeota kuoga asubuhi kando ya jahazi aote jingine. Na choo cha jahazi letu kinamwaga wapi? Nimeuliza. Sijajibiwa. Tukitoka nje ya mwamba kuelekea Nyali na Bamburi tunaingia hifadhi ya bahari, kuna ada ya KWS, na nanga haitupwi juu ya matumbawe. Disemba kaskazi huwa imetulia asubuhi na kuzidi mchana, basi mwendo uwe wa asubuhi. Kwa Idd zinazoangukia wakati wa kusi ningesema msithubutu.

Sasa upande wa serikali. Mwaka 2018 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa dunia wa uchumi wa buluu, na tangu siku hiyo hakuna mwanasiasa wa Pwani anayemaliza hotuba bila neno hilo. Ukisikiliza kwa makini, uchumi wenyewe ni meli za kontena, samaki wa bahari kuu na hoteli. Mtu wa Makadara anayetaka kumpeleka mamake baharini siku moja hayumo. Mama Ngina palitengenezwa vizuri mwaka 2019, nashukuru, lakini pale unaitazama bahari kutoka juu ya jabali. Bandari ya Kale ni eneo la forodha lenye geti. Njia nyingi za kuteremkia ufukweni upande wa kaskazi zimezibwa na kuta za watu binafsi. Familia ikitaka kupanda chombo, mara nyingi hupandia gati la hoteli kwa hisani ya mlinzi, au huvua viatu na kukunja nguo hadi magotini huku bibi akibebwa.

Hii ina uhusiano wa moja kwa moja na usalama. Mahali ambapo hakuna gati la umma, hakuna anayehesabu abiria. Mkaguzi anaweza kukagua chombo mara moja kwa mwaka, lakini idadi ya watu hubadilika kila safari, na huhesabiwa mlangoni au haihesabiwi kabisa. Kaunti ikijenga gati moja tu la wananchi upande wa Mji wa Kale, lenye ngazi anazoweza kushuka mzee, taa, na ubao ulioandikwa majina ya vyombo vilivyokaguliwa mwaka huo na idadi ya watu kila kimoja, itakuwa imefanya kazi kubwa kuliko semina kumi. Mwenye chombo kizuri atafaidika, maana sasa hivi aliyelipia ukaguzi, jaketi na bima anashindana bei na yule ambaye hakulipia chochote, na sisi wateja tunamkimbilia wa pili kwa tofauti ya nauli ya tuktuk.

Maana lawama nyingine ni yetu. Bei tuliyopewa ya jahazi la mpwa wangu ilikuwa nafuu mno, na kundi zima lilisema mashallah. Nafuu ile imetoka mahali. Haikutoka kwenye mchele.

Nimezungumza na nahodha mwenyewe kwa simu. Ni mtu mpole, amezaliwa baharini, na sina shaka anaijua bahari kuniliko mara elfu. Hakukataa kuonyesha karatasi. Alisema tu kwamba katika misimu yake yote hajawahi kuombwa.

Mpaka leo hivi ndivyo tulivyofikia. Usiku utakuwa mmoja. Jahazi litatia nanga kabla ya magharibi na halitasogea hadi kupambazuke, taa ikiwa juu ya mlingoti. Mapishi mazito yatafanywa nyumbani na kuletwa kwa sufuria, kwa kuwa sitaki karai la mafuta ya moto chini ya paa la makuti. Wenye watoto wachanga watakula nasi jioni kisha watarudishwa nchi kavu kulala, jambo ambalo limeleta maneno, na maneno hayo bado yanaendelea. Mama amesema yeye atakuja, ila jaketi ajaribishiwe nyumbani kwanza, asifungwe kamba mbele ya watu. Nahodha ameahidi kuleta cheti Ijumaa baada ya swala. Arbuni bado iko mfukoni mwa mpwa wangu.