KUTOA STIKA YA ZAMANI SIO KAZI YA BURE. ILIPIE

Leo tuongee kitu ambacho wengi tunakichukulia poa: ile stika ya zamani kwenye kirikuu, bajaji au pikipiki unayopelekea mizigo ya wateja.

Tunajua inavyokuwa. Oda zimeongezeka, umejibana, umenunua kirikuu iliyotumika. Mlangoni kuna jina la aliyekuwa anauza keki, namba yake ipo, nusu ya herufi zimeshabanduka. Unasema utaitoa ukipata nafasi. Miezi sita inapita, wewe unauza viatu, gari linasema keki.

Mwenye duka mtaani labda sio neno kwake, wateja wanamjua sura. Sisi wa mtandaoni mteja hajawahi kutuona. Ameona picha tu, na kichwani anajua matapeli wamejaa. Gari likifika getini kwake, hilo ndilo duka lako. Sasa linafika na jina lingine na namba nyingine, unategemea awaze nini? Na hata akipenda huduma, anaweza kupiga picha ile namba ya mlangoni akijua ni yako. Oda ya pili hiyo imeenda kwa muuza keki.

Kwahiyo itolewe, hapo hatubishani. Ubishi wangu uko kwenye namna ya kuitoa. Ukienda kwa wachapaji stika, wengi wanakwambia: "Boss, lipia mpya tu, ya zamani tunakutolea bure." Unafurahi. Mimi nasema hiyo bure iogope.

Stika ni plastiki laini yenye gundi nyuma. Ulaini wake unatokana na vilainishi vilivyochanganywa kiwandani. Jua likiipiga mwaka baada ya mwaka, vile vilainishi vinatoka, plastiki inakauka, inasinyaa na kupasuka kama tope la bwawa lililokauka. Ya kwenye boneti na paa inawahi kufa kuliko ya mlangoni kwa sababu jua la mchana linaipiga moja kwa moja. Stika za bei rahisi zinawahi zaidi. Ikiwa bado changa unaivuta inatoka shuka zima. Ikishazeeka inatoka vipande kama ukucha, na gundi inabaki kwenye bodi. Mlango mmoja unaweza kula nusu siku.

Sasa jiulize, kijana ambaye halipwi kitu kwa hiyo nusu siku atafanyaje? Atachukua wembe na tina. Simlaumu, ana stika nyingine tano zinamsubiri. Wembe unaacha mikwaruzo ambayo kwenye kivuli huioni, ukitoka juani unaiona yote. Tina inalainisha rangi, hasa kama gari lilishapakwa upya mtaani, maana rangi ya mtaani mara nyingi haina ugumu kama ile iliyookwa kiwandani. Halafu wanabandika mpya juu yake unaondoka unatabasamu. Gharama utaijua siku unauza gari, mnunuzi anapitisha mkono mlangoni anaanza kushusha bei. Kupaka mlango upya ni hela nyingi kuliko stika yenyewe.

Wengine hata hawatoi, wanabandika mpya juu ya ile iliyopasuka. Hiyo nayo hapana. Mpya itafuata mabonde ya ya chini, maji yataingia, kona zitaanza kunyanyuka.

Kazi yenyewe inataka joto na subira. Osha gari kwanza, mchanga ukibaki utakwaruza. Chukua draya ya mkononi ya saluni, pasha stika mpaka iwe ya moto lakini bado unaweza kuweka kiganja. Ukizidisha, plastiki inavutika kama bigijii, na rangi nayo inaumia. Kama huna draya, egesha juani saa saba mchana, inasaidia kiasi. Nyanyua kona kwa kucha au kadi ya plastiki iliyoisha muda, kisha vuta polepole ukiikunja kurudi nyuma juu yake yenyewe, usiivute kuja kwako. Ikikatika, pasha tena. Mwenye drili anaweza kutumia gurudumu la mpira la kutolea stika, ila asiling'ang'anize sehemu moja, msuguano wake unaunguza rangi.

Gundi iliyobaki pakaa mafuta ya taa au hata ya kupikia, acha dakika kumi, futa na kitambaa laini. Mafuta ya taa ni baada ya draya kuzimwa na kuwekwa mbali, sio wakati mmoja. Petroli usiguse kabisa, mvuke wake unashika moto haraka. Na chochote unachotumia, jaribu kwanza sehemu isiyoonekana. Ukimaliza osha kwa sabuni, alafu futa na spiriti. Hapa watu wengi wanaruka: mafuta yakibaki kwenye bodi, stika yako mpya haitashika.

Plastiki za pikipiki zinataka huruma zaidi, tina inazifanya ziwe na ukungu usiotoka. Kwenye kioo wembe unaruhusiwa, na maji ya sabuni, ila kioo cha nyuma chenye ile mistari ya kuondoa ukungu usiparuze kwa ndani, utaikata. Na zile za kuakisi mwanga usiku ziache, ni za usalama wako.

Kuna hizi gari zilizotoka Japani na maandishi ya Kijapani ubavuni, jina la duka la huko na namba ya simu ya huko. Wapo wanaoyaacha makusudi, eti mnunuzi ajue gari ni jipya nchini. Mimi sinunui hiyo hoja. Mwenye macho anakagua injini, hasomi Kijapani. Na hizo ndizo ngumu kuliko zote, nyingine zimekaa zaidi ya miaka kumi.

Jambo moja ukubali mapema: hata ikitoka vizuri, unaweza kuona kivuli cha herufi. Rangi ya pembeni imepauka, ya chini ya stika ilijificha jua. Nyekundu ndiyo inaonyesha sana. Kupolishi kunapunguza tofauti, wakati mwingine hakuimalizi. Hapo weka stika yako pana ifunike kivuli, mradi bodi ni safi na laini. Na kama unauza gari mtandaoni, kipige picha hicho kivuli ukiweke kwenye posti, usisubiri mteja asafiri kutoka Morogoro aje akigundue mwenyewe.

Nyie mnaochapa stika na kutangaza humu, nawasihi wekeni bei ya kutoa ya zamani kwenye tangazo, iwe mstari wake. Semeni mnatumia joto, sio wembe. Tumeni video fupi mkiitoa, watu wanapenda kuziangalia zile. Mteja anayeelewa atalipa, na kijana wako atafanya kazi bila kukimbizana.

Na wewe uliyebandika mpya, andika tarehe kwenye daftari la gari. Siku ukiona kona zinajikunja au rangi inapauka, itoe mwezi huohuo, kabla haijakauka ikawa vipande vya ukucha.