Nani Aliyempa Chura Mkuki?

Na achukuliwe kijana wa Lupepo, wilayani Rungwe, aliyekua akiwasikia vyura kila usiku wa masika. Maana Tukuyu na viunga vyake hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na penye maji kiasi hicho chura si mgeni wa mtu. Kijana huyo anakaribishwa na wenzake katika mchezo wa masimulizi ya mezani. Mmoja wao ni msimulizi, waliobaki kila mmoja hujibunia mhusika wake, na dadu ndiyo inayoamua kama upanga umepata au umekosa. Kabla ya kuanza, mchezaji hutakiwa achague mhusika wake awe wa watu gani. Wamo wanadamu, wamo watu wa misituni wenye masikio marefu, wamo watu wafupi wachimba madini, na wamo watu-vyura. Kijana anachagua vyura, kwani ndio majirani zake tangu utotoni. Anafungua kitabu ili asome habari za jamaa zake wapya, na anachokikuta humo si chura.

Mchezo ulioasisi aina hii ya burudani, Dungeons & Dragons, wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulitoka Marekani mwaka 1974. Katika kitabu chake cha viumbe cha mwaka 2014, watu-vyura waitwao bullywug wanakaa kwenye matope, wanashika mikuki, na mpita njia wakimkamata humburura hadi mbele ya bwana wao anayejiona mfalme. Mwaka 2016 wakaongezwa wengine, grung, vyura wadogo wa misitu ya joto na mvua: wakali, wenye sumu mwilini, waliogawanywa matabaka kwa rangi ya ngozi, na ambao kazi yao kubwa ni kuteka watumwa. Mwaka 2017 wachezaji wakaruhusiwa rasmi kuwavaa hao grung, kwa sharti kwamba kila siku wazame majini saa 1 kamili, la sivyo wadhoofike.

Basi na iulizwe: katika hayo yote, cha chura ni kipi? Sumu, kuruka, na haja ya maji. Yaliyobaki, yaani mkuki, tope, mfalme wa kujipachika, biashara ya watumwa na utukufu wa rangi, hayakutoka bwawani. Yalitoka maktabani. Kijana wa Lupepo, kama amewahi kusoma vitabu vya wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19, atamtambua mara moja anayeelezwa. Ni yule yule "mshenzi" wa bara, safari hii amepakwa rangi ya kijani akatanuliwa mdomo.

Haya si ya kukisia. Gygax mwenyewe, katika mwongozo wa msimulizi wa mwaka 1979, aliorodhesha waandishi waliomvutia. Yumo Edgar Rice Burroughs, baba wa Tarzan, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika. Yumo pia H. P. Lovecraft. Huyu wa pili ndiye wa kutazamwa na msomaji wa visiwani kwa jicho la karibu zaidi, kwani hadithi yake ya mwaka 1936, The Shadow over Innsmouth, inahusu mji wa pwani ambao watu wake wamechanganya damu na viumbe nusu samaki nusu chura. Na balaa hilo lililetwa na nani? Nahodha mfanyabiashara aliyejifunza mambo hayo kwa wenyeji wa kisiwa cha Bahari ya Pasifiki. Kinachomtisha Lovecraft hasa ni bandari: mabaharia, wageni, ndoa za mchanganyiko, watoto wasiofanana na babu zao. Kwa kipimo chake, Unguja, Lamu na Mombasa zingekuwa miji ya vyura tangu kale.

Wapo watakaosema huu ni mchezo tu, na mwenye kulalamikia mchezo hana kazi. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu lau wenye mchezo wenyewe wangeiamini. Mwaka 2020 kampuni inayouchapisha ilikiri hadharani kwamba baadhi ya watu wake wa kubuni walikuwa wameelezwa kama ubaya ulio katika damu, kwa namna iliyokumbusha jinsi mataifa ya kweli yalivyosingiziwa. Mwaka 2024 neno "mbari" likaondolewa katika kitabu cha wachezaji, likawekwa "spishi". Ni hatua, haikatazwi kusifiwa. Lakini kubadili kichwa cha ukurasa si kubadili ukurasa, na mwenye kuuvaa mwili wa kubuni kwa saa nne mezani, akasema kwa kinywa chake na kuona aibu na fahari zake, hafanyi jambo jepesi kuliko msomaji wa riwaya. Pengine lake ni zito zaidi.

Kwa haki, Waswahili nao hawajamtendea chura wema mkubwa. Kelele za chura, husemwa, hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Methali hiyo daima husemwa na ng'ombe. Hakuna aliyeuliza chura alikuwa anasema nini, wala yale maji yalikuwa nyumba ya nani.

Kuna na kundi la pili, ambalo kosa lake ni la kusikitisha zaidi kwa kuwa linakuja na nia njema. Hawa husema: mchezo na ufanywe wa Kiafrika, watu-vyura wahamishiwe Rungwe, wapewe desturi za Wanyakyusa. Na desturi zenyewe kwa kweli zinatamanisha. Monica Wilson, katika Good Company ya mwaka 1951, alieleza jinsi wavulana wa Kinyakyusa wa zamani walivyotoka nyumbani kwa baba zao wangali wadogo, wa rika moja kwa pamoja, wakajenga vibanda pembezoni, na kibanda kwa kibanda kikawa kijiji chao cha maisha, mpaka nao walipoyapisha marika yaliyofuata. Alieleza pia ukwangala, ile raha na adabu ya kukaa pamoja na wenzio, kula nao na kuzungumza nao. Ni rahisi mno kwa mbunifu kupiga kofi: viluwiluwi nao hutoka majini rika moja! Vyura wajenge vijiji vya rika!

Hapana. Aliyemvika chura ngozi ya mshenzi na anayemvika chura ukwangala wametembea njia moja. Tofauti ni kwamba wa kwanza alitukana na wa pili anasifu. Wote wawili wanamfanya Mnyakyusa kuwa kitambaa cha kumshonea mnyama nguo. Ukwangala ni wa watu, na kama mchezo unautaka, basi na uwape wahusika wanadamu, wenye majina ya kibinadamu, walio sawa na mashujaa wengine wote waketio mezani. Tena wale vijana wanaozunguka meza, wakila pamoja na kucheka hadi usiku wa manane, tayari wanao.

Chura, kwa upande wake, hana haja ya kuazimwa kitu. Mwaka 1905 Gustav Tornier wa Berlin alitangaza kuwa katika nyanda za juu za kusini mwa koloni la Wajerumani kulikuwa na chura asiyetaga mayai, bali huzaa vitoto vilivyokwisha kuwa vyura kamili. Ulimwengu wa sayansi haukuwa umewahi kusikia jambo hilo. Jenasi hiyo, Nectophrynoides, haiko popote duniani isipokuwa Tanzania. Na mwaka 2025 watafiti waliochunguza hata chembe za urithi za vielelezo vya zamani vya makumbusho walitangaza spishi 3 mpya za milima ya Tao la Mashariki. Naye Arthur Loveridge, baada ya safari yake ya mwaka 1929 na 1930, alimpa chura mmoja mdogo jina la Rungwe yenyewe: Phrynobatrachus rungwensis.

Hebu ifikiriwe taifa la mezani lililojengwa juu ya mambo haya. Mama asiyehitaji bwawa, aliyebeba ziwa tumboni mwake na kupanda nalo mlimani. Hapo sharti la kuzama saa 1 kila siku lina maana gani? Au vichukuliwe vyura wa Kihansi, waliogunduliwa mwaka 1996, ambao nchi yao yote ilikuwa manyunyu ya maporomoko, yapata hekta 2 tu. Bwawa la umeme lilipoanza kazi mwaka 2000 maji yalipungua na manyunyu yakakatika. Vyura 499 wakasafirishwa hadi Marekani mwaka huo huo. Mwaka 2003 waliobaki waliporomoka, na mwaka 2009 spishi ikatangazwa kuwa imetoweka porini. Mwaka 2010 wazao wa wale wahamishwa walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni, ambako manyunyu sasa hutoka katika mabomba.

Mchezaji akiketi na mhusika wa taifa hilo, msimulizi hatakuwa na haja ya mkuki wala ya mfalme wa matope. Atamwuliza maswali mengine: ulizaliwa korongoni au ndani ya kioo? Mvua ya bomba unaiitaje kwa lugha yenu? Na nani mwenye kufungua koki?