Mtihani Ufanyike Kijijini

Mwanafunzi wa misitu anayehitimu Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, anajua kupima kipenyo cha mti kwenye usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Amekwenda Olmotonyi kwenye msitu wa mafunzo, na ukimpa ramani atakuonyesha mpaka wa hifadhi bila kubabaika. Ujuzi huo tunajivunia, na hatutaki upunguzwe hata chembe. Tunachodai katika toleo hili ni kwamba hautoshi. Kijana ambaye hajawahi kukaa katika mkutano mkuu wa kijiji tangu unapofunguliwa hadi unapofungwa hajaiva kwa kazi ya maliasili, hata awe na alama za juu kiasi gani.

Shinyanga ilitufundisha hilo kwa gharama kubwa. Tangu miaka ya 1920 miti ilifyekwa ili kuwaangamiza mbung'o, kilimo cha pamba kikapanuka, mifugo ikaongezeka. Katika miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijijini, na kaya nyingi zikaachana na ngitili zao, yale malisho ambayo Wasukuma huyafunga mvua zinapoanza ili ndama na maksai wapate nyasi wakati wa kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mwaka 1986, wataalamu walikuja na walichosomea: vitalu, miche, kupanda. Kazi ilishika kasi pale walipoigeukia ngitili. Katika ardhi iliyoonekana kuwa imekufa, visiki na mizizi vilikuwa bado hai, vikingoja tu ng'ombe wazuiwe kwa misimu michache. Wazee walilijua hilo. Sheria za kulinda ngitili zilipitishwa katika dagashida, baraza la jadi, na sungusungu wakazisimamia. Kutoka hekta 600 hivi mwaka 1986, ngitili zilifikia zaidi ya hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Babati nako, msitu wa miombo wa Duru-Haitemba ulikuwa ukiandaliwa kutwaliwa na serikali, na wanavijiji walipoona unaponyoka mikononi mwao wakaanza kuuvuna kwa pupa. Miaka ya 1990 ilipoanza, vijiji viliachiwa msitu huo, vikagawana maeneo, vikatunga sheria ndogo na kuweka walinzi wao wenyewe. Uzoefu huo ulichangia Sera ya Misitu ya 1998 na Sheria ya Misitu ya 2002, zinazotambua msitu wa hifadhi wa kijiji. Mwaka 2009 vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu, na mpingo wao ukaweza kuuzwa kwa jina lao.

Hatusemi kila kijiji ni mlinzi mwema. Zipo serikali za vijiji zinazofumbia macho tanuri za mkaa, na zipo kamati ambazo mapato yake hayasomwi mkutanoni. Lakini hiyo ndiyo sababu kubwa zaidi ya kumpeleka mwanafunzi huko mapema. Afisa misitu asiyejua kusoma daftari la mapato la kijiji, wala kutambua ni nani amenyamaza mkutanoni na kwa nini, atakuwa anahesabu visiki miaka yote ya utumishi wake.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo moja. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu akae msimu mzima katika kijiji kimoja chenye msitu wake, ashiriki doria na vikao, kisha awasilishe mpango wake wa usimamizi mbele ya mkutano mkuu, kwa Kiswahili, na ahojiwe na wanakijiji. Theluthi moja ya alama zake itolewe na kamati ya maliasili ya kijiji. Tutaambiwa fedha za mafunzo kwa vitendo hazitoshi hata kwa wiki chache za sasa. Ni kweli, na ndiyo maana tunataka somo hili liingizwe kwenye mtaala, likae katika bajeti pamoja na maabara, lisitegemee hisani ya mradi wa wafadhili.

Linatuuma pia kwamba tasnifu nyingi zinazoandikwa juu ya vijiji hivi ni za Kiingereza, na huishia kwenye rafu za maktaba. Makala zote za toleo hili ni za Kiswahili. Kila iliyotokana na utafiti wa kijijini, nakala yake itapelekwa kwanza kwa mtendaji wa kijiji husika, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, na majibu ya wanakijiji tutayachapisha katika toleo lijalo.