Muguka: Kelele Tele, Maabara Wapi?

Ndugu zangu wa Mombasa, leo sikuja kumfurahisha mtu. Pita Kibokoni baada ya alasiri uone mabarazani: shavu limevimba, Big G mdomoni, macho kodo. Halafu muulize yeyote pale, hilo jani lafanya nini kichwani? Atakwambia "lanipa stimu", basi.

Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka Mombasa. Kilifi na Taita Taveta wakafuata. Rais Ruto akakaa na viongozi wa Embu, akasema marufuku hayo hayana nguvu mbele ya sheria ya taifa. Mahakama Kuu kule Embu ikayasimamisha. Huku "sumu!", kule "riziki ya mkulima!" Na jani likaendelea kushuka na malori kama kawaida.

Nani alitufundisha kitu katika kelele zote zile?

Haya, sikizeni. Ndani ya jani bichi mna katinoni, iliyotambuliwa na maabara ya Umoja wa Mataifa mwaka 1975. Jani likikauka nguvu hiyo hupungua, ndiyo maana laharakishwa sokoni. Katinoni husukuma ubongo umwage dopamini na noradrenalini. Peter Kalix, mtafiti wa Geneva, aliiita amfetamini ya asili.

Sasa, mwili una fagio lake: kimeng'enya kiitwacho monoamini oksidesi, kinachovunja kemikali hizo. Mary Hare alikigundua Cambridge mwaka 1928. Hermann Blaschko, daktari aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuvisoma vimeng'enya vya aina hii. Na mwaka 1984 Paolo Nencini wa Italia na wenzake walichapisha utafiti wakiuliza: je, mtu akichana, fagio hilo nalo lazuiliwa? Maana bomba likifunguliwa na mtaro ukizibwa, nyumba itafurika. Sisi wa Mji wa Kale twalijua hilo kila masika.

Tazama basi. Swali hilo limeulizwa Roma miaka arubaini iliyopita, na mlaji yuko hapa Kibokoni!

Najua mtakayosema. "Ni jani tu la Mungu." Tumbaku nayo ni jani. "Wazee walichana na wakaishi." Wazee gani, walichana kiasi gani, walilala saa ngapi? Nanyi mnaohubiri kwamba ni sumu tupu, mwaharibu pia. Kijana aliyechana miaka miwili na bado anapiga mpira atawacheka, kisha hatawasikiza hata siku mtakaposema kweli. Chumvi ikizidi hata dawa haimezeki.

Kaunti yatoza ushuru kila lori la muguka. Nasema hivi: sehemu ya pesa hizo iwekwe kando kwa utafiti, na ifanywe hapa hapa, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa na Hospitali Kuu ya Pwani. Tupime katinoni iliyomo katika jani linalouzwa hapa. Tupime presha, usingizi na akili za wanaochana, mwaka baada ya mwaka. Halafu tukienda kortini, twende na namba, si hasira.

Nina binamu yangu, msichana, kemia aipenda kuliko chakula. Alipoambia watu ataka kuwa mtafiti, akajibiwa: "Kazi hiyo Mombasa iko wapi? Tafuta kazi bandarini." Kaka yake naye hajalala vizuri tangu mwaka juzi, na nyumba nzima yaona haya kutaja kwa nini.

Nyumba moja, mgonjwa yumo na mtafiti yumo. Tumewanyima wote wawili maabara, kisha twashangaa kila mwaka twabishana yale yale.

Nimesema. Anayekasirika na akasirike, lakini aje na hoja.