Ujira kwa Mungu, Nauli kwa Nani?



Nilipokuwa Balambala, kaunti ya Garissa, kando ya mto Tana huu unaomwaga maji yake kwetu Kipini, nilizungumza na dada mmoja muuza maziwa ya ngamia. Dada huyu hujitolea katika shirika moja la misaada. Mwishoni mwa mwaka 2023, baada ya misimu mitano mfululizo ya mvua haba, mvua za El Nino ziliufurisha mto huo, hata barabara baina ya Garissa na Madogo ikakatika. Siku hizo alizunguka nyumba kwa nyumba, akiandika majina ya waliokosa makao na kuwafundisha akina mama kutibu maji ya kunywa, watoto wasije wakapata kipindupindu.

"Sheikh," akaniambia, "mshahara sikutaka. Lakini nauli ya bodaboda niliitoa katika pesa za maziwa. Nilipouliza, nikaambiwa ujira wangu uko kwa Mungu."

Kauli hiyo ni ya kweli, ila imewekwa pasipo mahali pake. Katika Surat al-Insan, aya ya 8 na 9, Mwenyezi Mungu anawasifu wanaomlisha maskini, yatima na mateka bila kutaka malipo wala shukrani. Hiyo ni nia ya mwenye kutoa. Aiweke moyoni, na thawabu zake hazipotei. Si hoja ya shirika la kumnyima nauli. Mola huyo huyo, katika Surat at-Tawba, aya ya 60, amewataja wanaoitumikia zaka miongoni mwa mafungu 8 ya wanaostahiki kupewa. Na Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa asiyewashukuru watu hajamshukuru Allah.

Hata serikali imelitambua jambo hili. Septemba 2023 ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, ambao wengi wao walikuwa wakijitolea kwa miaka. Wakapewa mikoba ya vifaa na kuahidiwa posho.

Basi, enyi viongozi wa misaada na kamati za misikiti, rudisheni nauli siku ile ile. Toeni viatu vya mpira na mafunzo ya huduma ya kwanza. Waulizeni akina mama saa zinazowafaa, wala msiwaite wakati wa kupika futari. Mwandikieni msichana barua ya kushuhudia kazi yake, imfae anapotafuta ajira. Kazi ikiisha, watajeni kwa majina na muwashukuru.

Nanyi waume, mama akitoka kuwasaidia watu, nyumba isimngoje yeye peke yake.

Nilimuuliza dada yule kama atajitolea tena. Akajibu, "Mto ukijaa, nitatoka, inshallah." Nia yake haina shaka. Swali limebaki kwetu sisi tunaozishika sadaka za watu: atatoka kwa nauli ya nani?

Wabillahi tawfiq.