Video ku masomo: makuta ya umeme itatoka wapi?

Mwalimu anaandika «volcan» ubaoni, batoto banakopi. Wengi habajaona hata moja. Video ya dakika tano ingebaonyesha namna Nyiragongo, kule karibu na Goma, ilitapika moto mwezi wa tano 2021.

Lakini video haifundishe yenyewe. Inasaidia kama mwalimu anaisimamisha katikati, anauliza: «Mumeona nini? Sasa nini itafuata?» Kisha kila mutoto anaandika kwa maneno yake. Bila hiyo, ni sinema tu. Tena tangu masomo ya bure ya 2019, madarasa imejaa. Telefone moja ya mwalimu haitoshe. Inaomba projekta, na projekta inaomba courant.

Shida iko hapo. Ligne ya Inga–Kolwezi, kilometa karibu 1.700, ilimalizika miaka ya 1980 juu ya kulisha migodi ya Katanga. Hadi leo masomo mingi ya hapa haina hata taa.

Je, makuta haiko? Code minier ya 2018 inalazimisha kampuni inayochimba kutoa angalau 0,3 % ya mauzo yake juu ya maendeleo ya wenyeji wanaoizunguka. Panneau ya jua, batri, projekta moja: video zinatiwa ku karte, intaneti haiombwe.

Bapapa munaoshuka mu mugodi, bamama munaoosha mawe, muulize wajumbe wenu: katika ile 0,3 %, masomo ya batoto wetu ilipata nini?